Maneno Aliyoambiwa Senta Wetu

Nilirudi kwenye netiboli kwa sababu niliogopa kupoteza kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani mpiga chapa katika ofisi moja ya umma mjini Musoma, na ofisini kila mtu alikuwa akiongea habari za orodha. Hakuna aliyekuwa ameiona. Ilisemekana inaandaliwa huko juu, kwamba serikali haiwezi tena kubeba watu wote hawa, na kwamba wapiga chapa na wahudumu watakuwa wa kwanza kuondoka. Miaka ya foleni ilikuwa imekwisha. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, sukari ilikuwepo, mashati ya mitumba yalijaa sokoni. Lakini vitu vilipoanza kurudi, watu ndio wakaanza kupunguzwa.

Nyumbani kwetu Murangi walikuwa wananitegemea mimi. Baba alikuwa mvuvi mwenye nyavu zilizochakaa, mama alikuwa anaumwa miguu, na wadogo zangu wawili walikuwa shule. Kwa hiyo mkuu wangu wa ofisi aliponiita na kuniuliza kama nimewahi kucheza netiboli, nilijibu haraka.

"Nilichezaga shuleni, mzee."

"Wewe ni mrefu," alisema. "Nenda kafanye majaribio ya timu ya mkoa. Mtu akiwa kwenye timu ya mkoa ni vigumu kumgusa."

Nilikwenda, nikachukuliwa kama mlinzi wa goli. Tuliwekwa kambini Buhare, pembeni kidogo ya mji, katika majengo ya shule iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Tulilala darasani juu ya magodoro ya sufi, tukala ugali wa muhogo na dagaa asubuhi na jioni, na sisi tulioajiriwa tulikuwa tunatoka mchana kwenda kazini kisha tunarudi kwa mguu.

Kocha wetu, ambaye sote tulimwita mwalimu, alikuwa mwalimu kweli. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka mingi kabla ya kupewa timu. Sitaki kumfanya shetani. Msichana mmoja wa kambini aliposhikwa na malaria, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, na alikaa naye huko mpaka alipoweza kunywa uji. Alijua mchezo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Lakini mdomo wake ulikuwa mchafu, na yeye mwenyewe aliuona ni kifaa cha kazi, kama filimbi.

Mimi aliniita nguzo ya simu iliyoibiwa nyaya. Msichana wa kutoka visiwani alimwambia ananuka furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ndiyo maana wapinzani wanamkimbia. Mwenye makalio makubwa, mwenye meno yaliyopangana vibaya, mwenye baba mlevi, kila mmoja alikuwa na lake. Ukilia alikuongezea. Ukimjibu ulizunguka uwanja mpaka ukatapika.

"Mimi simtukanagi mtu," alitwambia siku moja tukiwa tumekaa chini tumechoka. "Mimi naamsha. Mtu aliyelala humwamshi kwa kumbembeleza."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililielewa baadaye. Sisi wachezaji tulitoka makabila mbalimbali: Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakurya. Kila mmoja alikuwa na matusi ya nyumbani kwao, na tulitukanana sana kwa lugha hizo bila mtu kuumia, maana yule uliyemtukana mara nyingi hakuelewa, au alielewa nusu akacheka. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya darasani, ya kanisani, ya mkutano wa hadhara, ya redio. Mwalimu alitukana kwa Kiswahili safi, kilichonyooka, chenye kusikika hadi mwisho wa uwanja. Tusi lake lilifika kama tangazo. Kila mtu alilielewa neno kwa neno.

Senta wetu alikuwa ananizidi miaka minne au mitano. Kwao ni kijiji cha upande wa Butiama, lakini alikuwa ameolewa Musoma na fundi baiskeli, na alikuwa mhudumu wa usafi katika ofisi jirani na yetu. Nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu. Ndiye aliyenifundisha kuruka bila kumgusa mfungaji, na jioni alinisuka nywele tukikaa kwenye ngazi za darasa. Alikuwa na mikono mikubwa, mikavu, na mpira ukiingia humo hautoki.

Wiki ya tatu ya kambi alianza kuwa mzito. Alikuwa anasimama katikati ya mazoezi ameshika kiuno. Usiku mmoja alinigusa bega akaniomba nimsindikize chooni, na huko akaniambia. Mimba yake ilikuwa imeharibika, siku chache kabla, na hiyo ilikuwa ya pili. Alikwenda kliniki peke yake, nesi akamsafisha, akarudi mazoezini siku ya pili yake.

"Anayejua ni mume wangu, yule nesi na wewe," alisema. "Mama mkwe wangu hajui hata ya kwanza."

"Dada, huwezi kukimbia hivyo. Omba ruhusa."

"Nikitoka kwenye timu, na kazini nimetoka. Wewe hujui?"

Nilijua. Ndiyo maana siku iliyofuata nilifanya nililolifanya. Nilimngoja mwalimu wakati wengine wameenda kuoga ziwani, nikamwomba ampumzishe senta wiki moja.

"Anaumwa nini?"

"Mambo ya kike, mwalimu."

"Mambo ya kike kila mmoja hapa anayo."

Hapo nikasema. Nilimwambia mimba imetoka, na kwamba ni ya pili, na kwamba dada hajui kama nimekuja kwake. Mwalimu alikuna kidevu, akatazama chini.

"Pole yake," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia."

Alimpa siku mbili za kupumzika, akisingizia kwamba anataka kujaribu senta mwingine. Nilijiona mtu mwema. Nililala vizuri siku hizo mbili, na ninapokumbuka usingizi ule hadi leo naona aibu.

Siku ya tano baada ya mazungumzo yale tulikwenda Bunda kucheza mechi ya kujipima nguvu. Ulikuwa msimu wa pamba na mji ulikuwa umejaa. Wakulima walikuwa wameleta mizigo yao, malori yalikuwa yamejipanga kando ya uwanja, na madereva na wapakiaji walipanda juu ya marobota kutuangalia. Sijawahi kucheza mbele ya watu wengi namna ile. Timu ya Bunda ilikuwa nzuri. Kufika kipindi cha pili tulikuwa nyuma kwa magoli mawili.

Dada alikuwa hajala kitu tangu asubuhi. Mpira ulimtoka mikononi mara ya kwanza, tukasema bahati mbaya. Ulimtoka mara ya pili. Mara ya tatu ulimponyoka ukatoka nje, na mwamuzi akapuliza filimbi, uwanja ukatulia kidogo. Katika utulivu ule mwalimu akapanda juu ya benchi.

"Wewe," alisema kwa ile sauti yake. "Mpira haukai mikononi, mimba haikai tumboni. Kitu gani kinakaaga kwako?"

Vicheko vilianza juu ya lori moja, vikashuka, vikazunguka uwanja mzima. Mtu mmoja alirudia yale maneno kwa wale waliokuwa mbali. Nilisikia yanavyopita kwenye umati, mdomo hadi mdomo, yakitafsiriwa Kisukuma, yakitafsiriwa Kiikizu, na kila yalipofika kicheko kipya kiliinuka.

Dada hakulia. Hakumtazama mtu. Alinyoosha mikono yake kumwomba mwamuzi mpira, na mchezo ukaendelea, na kwa zile dakika zilizobaki alicheza kuliko nilivyowahi kumwona akicheza. Hakuna mpira uliompita. Tulishinda kwa goli moja.

"Mmeona?" mwalimu alituambia tukipanda lori la kurudi. "Nilimwamsha."

Njiani dada alikaa nyuma kabisa, amefunika kichwa kwa kitenge kwa sababu ya vumbi. Sikuthubutu kumsogelea. Nilijiambia kwamba hajui ni nani aliyesema. Nilijiambia pia kwamba mambo ya uwanjani huishia uwanjani.

Hayakuishia. Madereva wa pamba walipita Musoma kila siku, na baiskeli za mji mzima zilitengenezwa na watu wachache. Haikuchukua wiki, wateja wa mume wake wakawa wanamfikia na baiskeli mbovu huku wakisema, "Fundi, hebu angalia hii cheni, haikai kabisa. Kwako kitu gani kinakaaga?" Yule mume hakuwa mtu mbaya. Nilimfahamu. Alikuwa mpole, mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na alikuwa akimletea mke wake ndizi kambini. Alivumilia. Kisha habari zikamfikia mama yake kijijini, na mama akapanda gari akaja mjini, akauliza mbele ya majirani kama ni kweli kwamba mimba zinatoka na yeye anafichwa.

Mume alishindwa kusema uongo. Siku chache baadaye alimpeleka mke wake hadi njia panda ya Butiama, akamshusha na mzigo wake, akamwambia atangulie kwao, wazee watazungumza. Dada alimaliza safari kwa miguu.

Nilipata nafasi ya kumfuata baada ya juma moja. Nilimkuta kwa baba yake, amekaa chini akipukuchua mahindi. Baba yake alikuwa mzee mkavu asiyeongea sana. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za Musoma, kisha akanieleza shida yake kama anayemweleza mtu mzima mwenzake.

"Mwanangu, ng'ombe walioletwa hapa kwa ajili yake ndio waliotolewa mahari ya mke wa kaka yake. Yule pale." Alinyoosha mkono kuelekea jikoni, ambako mwanamke kijana alikuwa anasonga ugali na mtoto mgongoni. "Wakidai ng'ombe wao, mimi nitawatoa wapi? Nimrudishe yule na mtoto wake?"

Mwanamke wa jikoni hakuinua uso. Alikuwa amesikia.

Nilimwambia dada arudi kambini, mashindano yalikuwa karibu, timu inamhitaji. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Sirudi mahali penye watu," alisema. "Hata kanisani nakaaga nje."

Niliporudi Buhare nilimkuta mwalimu anafua soksi zake kwenye ndoo. Nilimwambia senta ameachwa, na ni kwa sababu ya maneno yake.

"Yule alikuwa na matatizo yake tangu zamani," alisema. "Mimi sijaachanisha mtu."

"Ulisema mbele ya watu, mwalimu. Na mimi nilikuambia wewe peke yako."

"Nilisema uongo?"

Aliendelea kufikicha soksi.

"Nchi imebadilika, binti," alisema baadaye, kwa upole kabisa. "Siku hizi ni ruksa. Watu wanawasema wakubwa hadharani, magazeti yanaandika kila kitu. Wewe unataka mimi ndiyo nifunge mdomo?"

Ni kweli ulikuwa wakati wa namna hiyo. Watu walikuwa wanaulizwa kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, na kwenye mikutano wanaume waliokuwa kimya miaka yote walisimama wakasema mpaka wakatoa povu. Sokoni magazeti mapya yaligombaniwa. Mimi pia nilikuwa nimeyasoma. Nilifikiri: kama kila mtu ana ruhusa ya kusema, basi na mimi ninayo.

Niliandika barua kwa kamati ya michezo. Niliipiga chapa ofisini saa ya chakula, nikiweka karatasi ya kaboni katikati ili nipate nakala. Nilifuta na kuanza upya mara nyingi. Kwanza niliandika kwamba mwalimu alitumia lugha isiyofaa. Lakini nilikuwa nimefanya kazi ya ofisi muda wa kutosha kujua kwamba malalamiko yasiyo na maelezo hurudishwa. Kwa hiyo niliandika maneno yenyewe kama alivyoyatamka, nikayafungia katika alama za kunukuu. Mpira haukai mikononi, mimba haikai tumboni, na mengine. Sikumtaja dada kwa jina. Niliandika senta, nikidhani nimemficha, wakati timu ilikuwa na senta mmoja na mkoa mzima ulishamjua.

Sikumwuliza kama anataka iandikwe. Hilo halikunijia akilini kabisa.

Kamati iliniita. Walikuwa watu watano kwenye meza ndefu, mwalimu amekaa pembeni na shati lake jeupe, mimi nimewekewa kiti katikati ya chumba. Katibu, mama wa makamo mwenye miwani, alianza kusoma barua yangu kwa sauti. Alipofika aya ya tatu alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hapa siwezi kusoma."

Barua ikapitishwa mkono kwa mkono. Kila mmoja aliisoma kimya. Nilitazama nyuso zao walipofika pale, na mzee mmoja wa mwisho wa meza alibana midomo, na niliona kwamba anazuia kicheko. Nadhani hapo ndipo nilipojua tutashindwa.

"Maneno haya nani ameyaandika?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni maneno ya mwalimu."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza nani ameyaandika."

"Mimi."

"Kwa mashine ya nani?"

"Ya ofisi, mheshimiwa."

Mwalimu alipopewa nafasi alisimama, akafunga mikono nyuma. Alisema hakumbuki alisema nini hasa, kwamba katika joto la mchezo mwalimu yeyote husema jambo la kumtia mchezaji ari, kwamba ile ni lugha ya michezo na haina maana ya nyumbani, na kwamba timu yenyewe ilishinda. Hakudanganya sana. Kila alilosema lilikuwa na kipande cha ukweli.

Mwenyekiti alivua kofia akaiweka mezani. Alisema siku hizi kila mtu anadai uhuru wa kusema, na uhuru ni mzuri, lakini una mipaka. Alikuwa ananitazama mimi. Alisema katika miaka yake yote ya utumishi hajawahi kupokea barua yenye uchafu wa namna ile, tena kutoka kwa msichana, tena iliyopigwa chapa kwa mali ya umma. Mwalimu angekumbushwa kwa mdomo kuchunga lugha. Mimi niliondolewa kwenye timu kwa kutumia matusi katika barua rasmi, na nakala ingepelekwa kwa mwajiri wangu.

"Una la kusema?" aliniuliza.

Nilikuwa nalo. Nilisema, "Hapana, mheshimiwa."

Orodha ilitoka mwezi uliofuata. Jina langu lilikuwemo, na majina ya wapiga chapa wengine wawili ambao hawakuwahi kuandika barua yoyote, kwa hiyo siwezi kusema niliondolewa kwa ajili ya ile barua. Labda ningeondolewa tu. Jina la dada nalo lilitoka kwenye orodha ya ofisi jirani. Nilikusanya vitu vyangu kwenye mfuko wa nailoni wa rambo, nikasimama barabarani nje ya ofisi, na sikuweza kuamua niende upande gani. Mama yangu Murangi alikuwa anangoja dawa.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikwenda Butiama mara ya pili. Nilitaka kumwambia dada kwamba nilijaribu. Nilikuwa na ile nakala yangu ya barua kwenye pochi, nilidhani itamfariji kuona kwamba kuna mtu aliyemtetea kwa maandishi.

Alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. Hakunipa kiti. Aliniacha nisimame mpaka nilipokaa mwenyewe juu ya kinu kilicholala.

"Nimesikia habari za barua yako," alisema.

"Nilitaka ukweli ujulikane, dada."

"Umejulikana." Aliupepeta ungo, makapi yakaruka. "Juzi walikuja wazee wa upande wa mume wangu. Baba aliwaambia hayo ni maneno ya walevi wa Bunda, hayana ushahidi. Wakamjibu hata kamati ya mkoa ina karatasi. Karani wa huko ni mtu wa kwao. Walikuwa wameiandika kwenye daftari, neno kwa neno, wakaisoma hapa, hapo ulipokaa. Mama yangu alikuwepo. Shemeji yangu alikuwepo."

Niliibana pochi kwapani.

"Yale maneno yangeisha," alisema. "Watu wa Bunda wangepata jambo jingine la kucheka. Mvua mbili tatu, wangesahau. Wewe ndiye uliyeyaweka kwenye faili."

Aliupepeta ungo tena. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na yeye mwalimu aliambiwa na nani? Nimemchukia yule nesi miezi yote hii. Nilimpitia kliniki nikamtukana mbele ya wagonjwa wake. Alilia, akaapa kwa Mungu si yeye."

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri hata kusema kwamba ni mume wake. Wazo hilo lilipita kichwani mwangu, nalisema kwa sababu ni kweli.

"Ni mimi, dada. Niliomba akupumzishe. Zile siku mbili."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilitamani anipige.

"Sawa," alisema.

Aliinuka, akaingia ndani na ungo wake. Nilingoja. Baadaye mke wa kaka yake alitoka na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba jua linakwenda na gari la mwisho linapita mapema. Sikuitoa ile nakala ya barua kwenye pochi. Niliichana njiani, vipande vikaangukia kwenye majani, kisha nikaogopa mtu asiviokote nikarudi kuviokota vyote, nimepiga magoti barabarani, nikivitafuta kimoja kimoja.

Ng'ombe walidaiwa. Wazee walikaa vikao vingi, na mwisho ikakubaliwa walipwe kidogo kidogo, ili yule mwanamke wa jikoni asiondoke. Dada alikwenda Guta kwa shangazi yake kulima pamba, na alichovuna alimpelekea baba yake anunue ng'ombe. Ilichukua miaka. Mume wake alioa tena, akahama Musoma.

Mimi nilirudi Murangi nikaanika dagaa pamoja na wanawake wa pwani ya ziwa. Mama alifariki mwaka wa pili. Baadaye niliolewa, nikahamia Bunda, na kwa muda nilifundisha netiboli wasichana wa shule moja pale mjini. Nilikuwa kocha dhaifu. Kila nilipotaka kumkaripia mtu nilimeza neno, na wasichana walinisubiri niseme, na sikusema. Tulifungwa na kila shule. Wazazi walisema mimi ni laini mno, na baada ya misimu miwili wakamtafuta mtu mwingine. Siku ya kwanza ya huyo mtu mwingine nilipita karibu na uwanja nikasikia anawaita mbuzi. Wasichana walikuwa wanakimbia vizuri. Nilisimama pale nje ya ua, na sikujua niingie au niende zangu. Nilikwenda zangu.

Mwalimu nilikutana naye mara moja, stendi ya Bunda, miaka mingi baadaye. Alikuwa amestaafu, amekonda, anatembea na fimbo. Alinitambua kabla mimi sijamtambua.

"Mpiga chapa," alisema. "Ulinipeleka kamatini wewe."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sikukukasirikia, ujue. Ile barua ilikuwa safi, hukukosea hata herufi moja." Alipumua kwa shida. "Na yule senta yuko wapi? Sijapata senta kama yule. Popote ninapofika namsifuga."

"Uliwahi kumwambia hivyo, mwalimu?"

Alifikiri. Nadhani alifikiri kwa dhati.

"Wakati ule hatukuwa tunasemaga hivyo," alisema.

Nilingoja aongeze kitu. Gari lake lilikuwa linapiga honi, akaniomba nimshikie mfuko apande, nikamshikia. Nikamsukuma kidogo mgongoni ngazi zilipomshinda. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Msimu ule ule nilikwenda Guta. Nilimkuta dada shambani, anachuma pamba, amejifunga gunia kiunoni. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa na mvi. Tulisalimiana. Niliuliza habari za baba yake, akasema amezikwa. Niliuliza habari za shamba, akasema mvua zilichelewa na wadudu ni wengi. Nilishika mstari wa pembeni yake nikaanza kuchuma, hakunikataza. Tulifanya kazi hivyo mpaka jua lilipokuwa kali, kila mmoja na mstari wake, bila maneno. Nilikuwa nimepanga mengi ya kumwambia, pamoja na habari za mwalimu niliyemkuta stendi, na sikumwambia hata moja.

Nilipoaga nilimwaga pamba yangu juu ya lundo lake. Alisema asante. Kwetu mgeni husindikizwa, hata hatua chache, hata na mtu mnayegombana naye. Nilitembea polepole hadi mwisho wa shamba nikisikiliza kama kuna miguu nyuma yangu, na nilipogeuka alikuwa ameshainama tena, mbali, katikati ya mistari, anaendelea kuchuma.